Mto Mole unapita chini ya ardhi? Kwa dada anayetaka kununua nyumba Leatherhead

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Surrey, kusini mwa Uingereza, huu mwaka wa tisa. Kazi yangu ni kutunza wazee. Siku za mapumziko hutembea kando ya mto Mole, kutoka daraja la Burford chini ya kilima cha Box Hill hadi Mickleham. Agosti iliyopita niliona kioja. Karibu na Box Hill maji yanapita, mbele kidogo vimebaki vidimbwi, halafu nikifika Leatherhead mto upo kama kawaida. Mzee mmoja ninayemtunza akaniambia ndiyo maana unaitwa Mole, yaani fuko, kwa kuwa unachimba handaki na kupita chini ya ardhi. Sasa mimi na mume wangu tumeona nyumba ya miaka ya 1930 hapo Leatherhead, mtaa unaoteremkia mtoni. Mama mkwe aliposikia habari ya handaki akasema nyumba itadidimia usiku tumelala. Dalali anasema hakuna neno. Je, mto unapita chini kweli? Nyumba inaweza kumezwa? Na mafuriko je?"

Dada yangu, macho yako hayakukudanganya. Maji uliyoyaona yakipotea yalipotea kweli, na sehemu yake ndiyo uliyoikuta Leatherhead. Lakini handaki hakuna, fuko hakuna, na hofu ya mama mkwe, ambayo naiheshimu kwa sababu ni ya mtu anayewapenda, imeelekezwa pasipo. Cha kuogopwa katika mto huu hakiko kwenye mashimo ya Mickleham. Kiko kilomita nyingi juu yako, upande wa uwanja wa ndege wa Gatwick, na ni udongo tu.

Jina kwanza, tulimalize upesi. Mzee wako ana wenzake wengi hapo Surrey, na neno hilo kwa Kiingereza ni fuko kweli. Ila wanaochunguza asili ya majina wanasema kinyume. Pale mto unapoingia Thames pana mji unaoitwa Molesey, jina la kale lenye maana ya kisiwa cha mtu aliyeitwa Mul. Mto ulikuwa na jina lake jingine. Baadaye watu wakaukatia jina kutoka kwenye mji. Fuko amedandia hadithi ikiwa njiani. Mwambie mzee, ila kwa upole, huenda ameisimulia kwa miaka sabini.

Sasa tuufuate mto tangu unapoanza, maana majibu yako yote matatu yamo njiani. Mole huanza karibu na kijiji cha Rusper, jimbo la West Sussex. Ukivuta uzi kutoka Rusper hadi Molesey utapata kama kilomita 32. Mto wenyewe hutembea karibu 80, kwa kupindapinda. Huko juu nchi ni ya mabonde mapana yasiyo na kina, na chini ya nyasi kuna udongo mfinyanzi, mzito, ule unaoganda kwenye kiatu hadi ukatembea kama uliyevaa matofali. Mvua ikinyesha hapo haina pa kuingia. Ni kama kumwaga maji kwenye sinia: yatatafuta ukingo tu. Vijito vya Crawley na Horley hujaa kwa pamoja, na Mole wenyewe hupita ndani ya karavati chini ya njia ya ndege ya Gatwick kabla ya kuendelea kaskazini. Ongeza mapaa, lami na maegesho ya magari ya miji hiyo, utaelewa kwa nini mto mdogo namna hii unaweza kupanda kwa saa chache baada ya mvua kubwa. Likumbuke hilo sinia, tutalirudia.

Ukifika Dorking mambo hubadilika. Mbele yako kuna safu ya vilima vya North Downs, na mto badala ya kuvizunguka unakatiza katikati. Watu huniuliza kijito kama hiki kilipata wapi nguvu ya kupasua mlima. Hakikupasua mlima uliokwisha kusimama. Kilikuwa kikitiririka hapo zama ambazo miamba ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo, na nchi ilipoinuka na kulika taratibu, mto ukaendelea kukwangua njia yake ile ile.

Vilima hivyo ni chaki, mwamba mweupe na laini uliofanyika kwa maganda ya viumbe wadogo mno wa baharini, waliotua sakafuni zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Chini ya Box Hill, mahali panapoitwa The Whites, utauona ukiwa wazi kwenye mteremko juu ya maji. Chaki ina tabia mbili zinazotuhusu. Ina nyufa nyingi, na inayeyuka. Mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani, na zaidi ikipita kwenye udongo, ikapata uchachu mdogo ambao ulimi hauwezi kuuhisi. Uchachu huo ukipewa maelfu ya miaka hula mwamba. Kama huniamini, chungulia ndani ya birika lako la umeme. Ule ukoko mweupe unaoutoa kwa siki ni chaki iliyoyeyuka ardhini, ikaja hadi kwenye bomba lako, nawe ukaigandisha tena kwa kuchemsha maji ya chai.

Basi mto uliotoka kwenye mfinyanzi, ambako haukuvuja hata tone, unajikuta ghafla juu ya mwamba wenye nyufa. Kati ya Dorking na Mickleham yapo mashimo ya kumeza maji, mengine sakafuni mwa mto, mengine kwenye kingo. Kuna yanayotosha ndoo, na machache ni mapana mita kadhaa, yamejaa tope na matawi; usipoonyeshwa utayapita ukidhani ni shimo la mti ulioanguka. Siku moja ya Februari nilipiga magoti kando ya moja, mto ukiwa umejaa hadi ukingoni. Sikusikia ngurumo yoyote. Jani la mwaloni lilikuja likielea, likazunguka mara tatu, likasimama wima, likaenda. Sauti yenyewe ilikuwa kama ya mtu anayefyonza chai ya moto kwenye kisosi.

Kwa hiyo toa handaki kichwani, weka mtungi wa udongo wenye nyufa nyembamba mia moja. Februari unaumiminia kwa pipa: nyufa zinavuja, lakini mtungi unabaki umejaa nawe hujui kama kuna kinachopotea. Agosti unaumiminia kwa kikombe: nyufa zinakinywa chote, na chini panabaki vidimbwi. Nyufa ni zile zile, kilichopungua ni unachomimina.

Wala si mimi wa kwanza kusema hivi. Daniel Defoe, mwandishi aliyesoma Dorking utotoni, aliandika miaka ya 1720 akiwakosoa wasomi waliodai kwamba mto huu hutumbukia mahali pamoja na kuibuka pengine. Alisimulia vijana wa pale waliofanya ujanja baada ya mafuriko. Waliziba njia ambayo maji yaliyotapakaa bondeni yangerudia mtoni, wakangoja. Maji yakazama yenyewe, polepole, pasipo shimo la kuonekana, samaki wakabaki wakigaagaa, na vijana wakajiokotea. Kwangu mimi huo ni utafiti mzuri kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma.

Katika ukame wa 1976 sehemu hiyo ya mto ilikauka kabisa. Siku hizi hali hiyo ni nadra, na sababu moja si ya kusimuliwa mezani: wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya maji ya Mole ni yale yanayotoka kwenye mitambo ya kusafisha majitaka ya miji iliyo juu yako. Agosti ile ulikuwa ukitazama maji ambayo watu wa Crawley walikwisha kuyaoga. Yamesafishwa, ndiyo, lakini watoto wasiyanywe.

Na yanarudije? Maji yaliyozama huungana na maji ya ardhini yaliyokwisha kujaza nyufa za chaki, yakasogea nayo kaskazini. Karibu na Leatherhead tabaka la chaki huinama na kuingia chini ya mchanga na mfinyanzi mwingine, ule wa London, usiopitisha maji. Hapo maji hukuta ukuta. Njia iliyobaki ni kupanda, nayo hupanda, sehemu kama chemchemi upande wa Fetcham na sehemu kwa kuchipuka sakafuni mwa mto wenyewe. Wewe wa Mombasa usilishangae hili. Maji ya Mzima yanayoletwa kwa bomba hadi kwenu ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyozama kwenye mawe ya volkano na kuibukia Tsavo. Mawe ni mengine, mwendo ni ule ule.

Tuje kwenye nyumba. Mashimo ya kumeza maji ya Mole yapo pale ambapo mto umekuwa ukiisugua chaki kwa zama na zama, sakafuni na kando yake. Nyumba iliyoko kwenye mteremko wa mtaa haipo mahali hapo. Miaka ya 1930, wajenzi wa barabara ya A24 inayopita kando ya Mickleham walikutana na mashimo hayo ana kwa ana. Wakayafunika kwa kuba za zege na kupitisha barabara juu yake, na malori yanapita hadi leo. Mama mkwe ningemwambia hivyo hivyo: barabara ya malori imekaa juu ya mashimo yenyewe, sembuse nyumba ambayo haiko hata karibu nayo.

Lakini nisikudanganye kwamba ardhi ya chaki haina kasoro. Ikibonyea, mara nyingi mkosaji ni maji yaliyoelekezwa mahali pamoja kwa miaka: bomba bovu linalovuja chini ya njia ya gari, au shimo la kunyonyea maji ya paa lililochimbwa karibu mno na msingi. Nyumba za umri wa hiyo yenu huwa nayo. Uliza maji ya mapaa yanaishia wapi, na usikubali jibu la "yanaenda tu ardhini". Yanaenda wapi ardhini, na mita ngapi kutoka ukutani?

Halafu kuna jambo ambalo mama mkwe hakulitaja na dalali hatalitaja. Leatherhead imekaa mpakani: kusini ni chaki, kaskazini ni mfinyanzi wa London. Katika Uingereza nzima, nyumba nyingi zinazopasuka kwa kudidimia hazijamezwa na shimo lolote. Zimekaa juu ya mfinyanzi unaonywea kiangazi na kuvimba masika, na mti mkubwa ukiwa karibu unaunyonya zaidi. Kwa hiyo ukienda kuiona nyumba, usitafute shimo bustanini. Tazama nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na milango, pana juu na nyembamba chini. Ufa mwembamba wa plasta ni kitu cha kawaida kwa nyumba ya karibu miaka tisini. Ufa mpana kuliko unene wa sarafu ya peni 10 unahitaji mtu wa kuuangalia. Tazama pia mti ulioko kwa jirani, si wa kwako tu.

Mafuriko ndiyo swali ambalo ningelipa usiku mzima wa kufikiri. Lile sinia la Gatwick likimwagika, maji yote hupita kwenye mwanya wa vilima na kushuka kwenu. Yale mashimo ya Mickleham hayasaidii kitu siku hiyo; nyufa haziwezi kunywa mto mzima. Septemba 1968 mvua kubwa iliufanya Mole ufurike vibaya, na maelfu ya nyumba zikaingia maji kuanzia maeneo ya Leatherhead hadi Molesey. Baada ya hapo sehemu ya chini ya mto, upande wa Esher na Molesey, ilichimbwa upya na kupanuliwa. Kwenu Leatherhead mto bado unakwenda kwa maumbile yake, chini ya lile daraja lenye matao 14. Na mkesha wa Krismasi wa 2013 maji yaliharibu umeme kwenye jengo la kaskazini la abiria hapo Gatwick, safari zikafutwa, na hapo kwenu bonde likawa ziwa.

Utasikia wakisema nyumba iko kwenye eneo la "mafuriko ya mara moja katika miaka mia". Watu husikia hivyo wakadhani, yakija 2013, tumepumzika hadi 2113. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na mwaka unaofuata kete inarushwa upya. Ukichukua mkopo wa nyumba wa miaka 25, uwezekano wa kupatwa angalau mara moja kabla hujamaliza kulipa ni karibu asilimia 22. Hiyo ni zaidi ya moja kwa tano. Ukilitazama hivyo, "hakuna neno" ya dalali haitoshi.

Serikali inakuruhusu kuangalia bure kwenye intaneti, kwa kutumia namba ya posta ya nyumba, hatari ya mafuriko ya muda mrefu. Isome yote, kwa kuwa mafuriko hayatoki mtoni peke yake. Kuna maji ya mvua yanayoteremka barabarani, na mahali penye chaki kuna maji ya ardhini, yanayopanda kimya kimya baada ya masika marefu na kutokea kwenye sakafu ya nyumba ambayo haijaona mto ukivuka ukingo. Pia iandikie Environment Agency, shirika la mazingira la serikali, uombe historia ya mafuriko ya nyumba hiyo. Na mkiinunua, jiandikisheni kupokea maonyo yao kwa simu. Vipimo vya kina cha mto navyo viko wazi kwa kila mtu: ukiona kituo cha Kinnersley Manor kimepanda, kisha cha Castle Mill pale Dorking, jua kinachokuja ni zamu yenu, na unazo saa kadhaa za kupandisha mazulia ghorofani.

Je, mnunue? Mtaa unaoteremkia mtoni si kitu kimoja. Nyumba ya juu na nyumba ya chini zinaweza kupishana mita tano za kimo, na mita tano kwa mto huu ni dunia mbili tofauti. Ikiwa yenu iko juu na ukaguzi ukaonyesha msingi mzima, mimi ningenunua nikalala. Ikiwa ni zile za mwisho karibu na maji, pigeni simu kwa makampuni ya bima mawili matatu kabla ya kutia saini, mkitaja anwani kamili. Tangu 2016 kuna mpango uitwao Flood Re unaosaidia bei ya bima isipande mno kwa nyumba zenye hatari, mradi zilijengwa kabla ya 2009, yenu inaingia. Lakini bima hukulipa fedha, haikurudishii albamu ya harusi wala miezi ya kuishi hotelini kuta zikikaushwa. Na siku mtakapotaka kuuza, mnunuzi atauliza maswali haya haya unayoniuliza mimi.

Mimi naandika nikiwa mbali, sijaona ukuta wala mti. Mpate mkaguzi wa majengo aliyesajiliwa, afanye ukaguzi kamili wa muundo wa nyumba. Ule wa benki ni wa kulinda mkopo wao, si wa kuwalinda ninyi. Akitilia shaka ufa wowote, mwiteni mhandisi wa udongo na misingi kabla ya kulipa amana. Wakili wenu aombe taarifa za mazingira na za ardhi, na mumwambie wazi kwamba mnataka kujua habari za chaki, za mfinyanzi na za mafuriko, vinginevyo atawaletea karatasi za kawaida. Na ikitokea siku yoyote, kwa nyumba hiyo au nyingine, ardhi ya bustani ikabonyea ghafla au milango ikaanza kukataa kufungwa ndani ya siku chache, tokeni kwanza, pigeni simu halmashauri na kampuni ya bima, shimo msilisogelee wala msilifukie.

Kabla ya yote hayo, fanya jambo moja lisilo na gharama. Ngoja mvua inyeshe siku mbili mfululizo, hasa upande wa Gatwick, kisha kesho yake vaa mabuti uende ukasimame mwisho wa huo mtaa. Tazama maji yamefika wapi na yanapita kasi gani, tazama kuta za zamani kama zina mstari wa tope, tazama wenyeji wameweka wapi soketi za umeme. Aliyewahi kufurikiwa huzipandisha juu. Ukirudi kazini, kaa na yule mzee wako. Kama alikuwa Leatherhead Septemba 1968, muulize maji yalisimama kwenye mlango wa nani. La fuko amelikosea, lakini hilo hatalikosea.